Kidole Kisichokuwemo Kitabuni

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, alikuwa anakwenda bombani na mswaki wake, anasugua meno, anatema povu, halafu anautamka mstari wa kwanza wa kitabu chake. Anautamka kwa sauti, mdomo bado una ladha ya dawa. Siku nyingine anauona umekaa vizuri. Siku nyingine anaona kuna neno limezidi, basi anasimama pale pale na ndoo yake akilitafuta, mpaka walio nyuma yake waanze kuguna.

"Mheshimiwa, ukimaliza kuhutubia tuachie bomba," mpangaji mwenzake alimwambia siku moja.

"Sihutubii, naonja."

"Unaonja nini, dawa ya meno?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akasogea. Hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkunja mashuka kwenye dobi kubwa nyuma ya hospitali. Pale kazini walimwita Kalamu kwa sababu hakukosa kalamu kwenye kitambaa cha kichwa. Mtu akitaka kuandika chochote ananyoosha tu mkono kichwani kwake, kama anachuma embe, na yeye anainama kidogo ili asimsumbue.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, kila mmoja ameshika pembe mbili, mnalivuta mpaka linalia, halafu mnatembea kufuatana mpaka pembe zikutane. Mmoja anachukua zote, mwingine anainama kushika mkunjo wa chini, mnavuta tena. Siku nzima ndiyo hiyo, kwenda na kurudi. Mashine zinanguruma kiasi kwamba ukiwa kwenye ncha ya shuka husikii kitu. Unamwona mwenzako mdomo unacheza tu. Pembe zikikutana, hapo ndipo sura zinasogeleana na sentensi moja inaweza kupita. Halafu mnaachana, mnavuta shuka jingine.

Aliyeshika pembe za upande wa pili alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Huyo alikuwa amefungwa. Hakusingiziwa, aliiba kweli, mkufu wa mama mwenye nyumba aliyokuwa anafanyia kazi. Aliingia jela na mimba, akajifungulia humo, na mtoto akafia humo. Alipotoka alikuja kwa dada yake na kifuko kimoja, na dada akamwombea kazi. Wenye hospitali hawakutaka mtu mwenye kesi aguse vitu vyao, kwa hiyo msimamizi aliambiwa kwamba miaka yote ile binti alikuwa kijijini akimuuguza mama yao. Mama alikuwa ameshakufa zamani. Msimamizi akasema pole, akampa aproni.

Nyumbani yule mdogo hakusema lolote la jela. Wanalala kitanda kimoja, wanapika jiko moja, kimya. Lakini kwenye mashuka alianza kusema. Labda ni kwa sababu ya zile kelele, labda ni kwa sababu hakuna anayeweza kukuuliza maswali mengi wakati mnaachana.

"Nilijifungulia sakafuni." Wakaachana, wakavuta, wakarudi.

"Nani alikushika mkono?" Wakaachana tena.

"Mmoja aliyekuwa amemuua mumewe. Alikuwa na mikono ya moto."

Hivyo ndivyo alivyosimulia, pembe kwa pembe, na Kalamu akirudi nyumbani anaandika. Hakuficha. Alimwambia mdogo wake, nataka kuyafanya kitabu cha hadithi, nitabadilisha watu, nitabadilisha nyumba, hakuna atakayekujua. Mdogo hakujibu siku hiyo wala siku iliyofuata. Halafu pembe zilipokutana akasema, "Andika yote. Ila kidole usikiandike."

Mtoto alizaliwa na kidole cha sita, mkono wa kushoto, kimening'inia pembeni kama punje ya mahindi. Mama yake alivuta uzi kwenye blanketi akakifunga, ili kikauke kidondoke chenyewe kama walivyofanya wazee kwao. Akaufunika mkono usionekane. Mtoto alikufa kidole hakijadondoka. Walimchukua, na mama hakuonyeshwa alipozikwa.

"Mengine yote waliyaona askari na wafungwa," alisema. Shuka lilikuwa limeshakunjika, lakini alikuwa bado ameshika pembe za dada yake. "Kile nilikiona mimi. Kile ni changu."

Kalamu akala kiapo. Na kweli hakukiandika.

Mswada wa kitabu ulichapwa na mchapaji wa pale mtaani, kijana wa watu mwenye kibanda cha mashine na mdomo usiochoka. Ndiye aliyemweleza habari za mawakala wa vitabu.

"Wakala ni kama mshenga," alisema. "Wewe huwezi kwenda mwenyewe kwa wachapishaji, hata getini hupiti. Yeye ndiye anayeingia kwa niaba yako. Wakikikubali kitabu, naye ana fungu lake. Yupo mmoja anakuja kwenye ukumbi wa maktaba Jumamosi kusikiliza waandishi. Tumpelekee kurasa za mwanzo, atakuita."

Kweli wakala akamwita. Mchapaji akawa na furaha kuliko mwenye kitabu.

"Sasa sikiliza, mama yangu. Atakuuliza umeyajuaje haya. Ukisema nimebuni, umekwisha. Siku hizi wanamtaka aliyeungua mwenyewe, siyo aliyesimuliwa moto."

"Mimi sikuungua."

"Basi jipake masizi!"

Kalamu akacheka, akamwambia aache upuuzi. Njiani kote alikuwa anajipanga kusema ukweli. Ni hadithi ya kubuni. Kuna mtu alinisimulia mengine, mengine nimeongeza. Aliyasema hayo chini chini mpaka mlangoni.

Wakala alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Kurasa zilikuwa mbele yake, simu iko juu ya kurasa. Kalamu alikaa kwenye ncha ya kiti, akaanza. Alieleza habari za mwanamke wa kitabuni, na mkufu, na chumba cha wanawake. Wakala akaitazama simu. Kalamu akaongeza sauti kidogo. Wakala akaitazama tena, akaigeuza, akaigeuza tena. Nje ya mlango kulikuwa na foleni ya watu wenye bahasha zao, na mmoja alikuwa anakohoa kwa makusudi.

"Na wewe mama umeyajuaje haya?" wakala aliuliza, jicho bado liko kwenye simu.

Maneno aliyoyapanga yalikuwa pale pale mdomoni. Lakini alimwona yule mwanamke anataka kuondoka huku amekaa, akaona miaka yote ile ya kuandika inakwenda na maji.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyefungwa."

Wakala akainua uso. Akashusha miwani machoni. Kwa mara ya kwanza alimtazama, akatazama mikono yake iliyobabuka kwa sabuni, akatazama kalamu kichwani.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

"Na mtoto? Alikuwa wako kweli?"

"Wangu."

"Unamkumbuka?"

Hapo alinasa. Alikuwa hajawahi kumzaa mtu, kumbukumbu angeitoa wapi. Yaliyomo kitabuni wakala alikuwa nayo mezani, asingeweza kumpa yale yale. Akatafuta, akakuta kitu kimoja tu ambacho hakikuwa kwenye karatasi.

"Alikuwa na kidole cha sita," alisema. "Mkono wa kushoto. Kama punje ya mahindi. Nilikifunga na uzi wa blanketi."

Wakala akafunika mdomo kwa kiganja. Baadaye akauliza taratibu, "Kwa nini hukukiandika?"

"Kiliniuma."

"Hicho ndicho kitabu, mama. Hicho ndicho."

Alitoka pale bila kuwatazama wa kwenye foleni. Mchapaji alipomuuliza imekuwaje, alisema vizuri. Mdogo wake alipomuuliza, alisema vizuri pia, wamekipenda, akageukia jikoni na kuanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Alijiambia kwamba amemsitiri mdogo wake. Nilimwahidi sitamtaja, na sijamtaja. Aibu nimeivaa mimi. Aliligeuza jambo hilo usiku na mchana, na kila akiligeuza lilikuwa na upande mmoja laini na upande mmoja unaochoma, naye akawa analala upande wa laini.

Wakala akapiga simu kwamba ameshawaandikia wachapishaji, wawili wanauliza. Halafu akasema anapita karibu, anataka kumwona mwandishi wake kazini kwake. Kalamu alisema, "Usihangaike, mama, huku ni vumbi na mvuke tu." Lakini siku moja asubuhi umeme ulikatika. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja, watu wakabaki wanasikia pumzi zao, na katika ukimya huo mlango ukafunguliwa na yule mwanamke akaingia na miwani yake kwenye paji.

"Mwandishi wangu!" aliita. Sauti yake ndogo ilijaa chumba kizima. Akapita katikati ya matoroli, akamshika Kalamu mikono miwili, halafu akamgeukia aliyesimama upande wa pili wa shuka. "Na wewe bila shaka ni mdogo wake. Mnafanana macho. Pole, mdogo wangu, kwa yaliyompata dada yako kule ndani. Hasa yule mtoto. Kile kidole kilichofungwa uzi hakinitoki kichwani."

Kwenye mashine ya kukaushia alikuwepo mwanamke waliyemwita Redio, na huyo hakuhitaji kuambiwa kitu mara mbili.

Mdogo mtu alimtazama dada yake, siyo kwa muda mrefu.

"Asante," alimjibu wakala. "Dada yangu ameteseka sana."

Akalivuta shuka. Kalamu hakuwa amelishika sawasawa, likamponyoka, likaanguka kwenye sakafu yenye maji.

Kufikia saa ya chakula wote walishajua. Aliyekuwa anaacha pochi yake juu ya benchi aliichukua akaiweka kifuani. Kijana wa matoroli alimwita "afande", neno la jela, kwa kejeli. Redio alimletea maji ya kunywa, akamwambia kwa huruma ya kweli, "Shoga yangu, kumbe umetuficha mambo mazito hivyo. Jela wanawalisha nini?" Kesho yake msimamizi alimtoa kwenye meza ya kukunja na kumpeleka upande wa maji, kuchambua mashuka machafu, yenye damu na mengine. Akampa viatu vya mpira. Kwenye shuka la mdogo wake akawekwa msichana mgeni aliyekuwa anacheka ovyo.

Jioni hiyo nyumbani mdogo mtu hakupiga kelele. Alipika, akapakua sahani mbili, akakaa kwenye kigoda. Kalamu ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Sikukutaja jina. Naapa."

"Najua."

"Nimeibeba mimi. Wananiona mimi ndiye mwizi."

"Ndiyo. Na mimi ndiye nilikuwa kijijini namuuguza mama." Alikuwa anaubonyeza wali kwa kidole bila kuula. "Kwa hiyo mimi sijawahi kuzaa."

"Usiseme hivyo, mdogo wangu."

"Nisemeje? Leo yule msichana mgeni kaniuliza, eti dada yako mtoto wake alikuwa wa kike au wa kiume? Nikamwambia sijui. Nilisema sijui, dada."

Kalamu akashika tama. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini aliona hata hayo hana haki nayo.

"Nifanye nini?"

"Nirudishie."

"Nitarudishaje kitu kilichokwisha semwa?"

"Wewe ndiye mwandishi." Akainuka na sahani yake. "Mimi niliiba mkufu, nikaambiwa rudisha, nikawa nimeshauuza. Hakuna aliyenisikiliza kwamba umeshauzwa."

Kesho yake Kalamu aliomba ruhusa akaenda ofisini kwa wakala. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, vitabu vimepangwa sakafuni mpaka dirishani, feni inazunguka na kugonga kitu kila inapozunguka. Hakukubali kukaa. Alisema yote akiwa amesimama: si mimi, ni mdogo wangu, sijawahi kufungwa, sijawahi kuzaa, nilikudanganya.

Wakala hakushtuka kwa sauti. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaifunika kwa mkono.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ulikuwa unatazama simu. Nikaona hutaki hadithi ya kubuni."

"Nilikuwa nasubiri daktari wa baba yangu apige." Feni ikagonga, ikagonga. "Mama, zile kurasa nilikuwa nimezisoma mara mbili kabla hujaingia. Nilikuwa nimeshaamua kukichukua. Nilikuuliza umeyajuaje kama mtu anavyomuuliza fundi, hii umeishona vipi. Ungesema umebuni, ningekuambia umebuni vizuri. Ungesema umesimuliwa, ningekuambia mshukuru aliyekusimulia. Basi."

Kalamu alitafuta ukuta kwa mkono, akaupata.

"Sasa nimeshawaambia watu kwamba mwandishi mwenyewe alifungwa," wakala aliendelea. "Wananiamini kwa sababu huwa siwadanganyi, sina mtaji mwingine. Nikinyamaza, tumekuwa waongo wawili. Nikisema si yeye, wataniuliza ni nani. Mlete mdogo wako hapa aseme kwa kinywa chake kwamba ni yake na ameridhia. Hapo naweza kuwaeleza."

"Hatakuja."

"Umemuuliza?"

"Sitamuuliza. Nimemchukulia vya kutosha."

Wakala akatikisa kichwa polepole. Hakuonekana na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Basi nitawaandikia kwamba nimekiondoa. Sitataja mtu. Na kitabu hiki, mama, sitaweza tena kukibeba. Hata kile kingine utakachoandika. Nikikutazama nitakuwa najiuliza."

"Na kile kidole?"

"Nitawaambia wakifute kwenye barua niliyowaandikia."

"Wakishafuta?"

Wakala alimrudishia bunda la karatasi, na Kalamu akashuka ngazi nalo, ameliegemeza tumboni kwa mikono miwili. Mdogo wake alipoambiwa jioni ile, alisema "Haya," akazima taa.

Asubuhi msimamizi alikuwa anamsubiri kwenye kizingiti cha upande wa maji, aproni yake safi, uso umechoka. Hakuwa mtu mbaya.

"Kalamu, wenye hospitali wamesikia. Mimi mikono yako naijua, sitaki kukupoteza. Wewe sema tu mbele ya watu kwamba ulitia chumvi ili kitabu chako kinunulike. Nitakwenda kuwaambia hivyo, na leo leo unarudi kwenye meza yako."

Ilikuwa kweli tupu, na alikuwa anaombwa aiseme. Na kila siku aliyochelewa kuisema ilikuwa imempitisha pabaya. Akafungua mdomo. Wengine walikuwa wamesimamisha kazi kusikiliza, na Redio alikuwa mbele yao na kapu kiunoni.

"Chumvi?" Redio alisema. "Bosi, mimi hilo silimezi. Mtu anabuni jela, sawa. Anabuni mtoto, sawa. Kidole na uzi wa blanketi habuni mtu. Yule mwanamke alitaka kulia pale." Akageuka, siyo kwa ubaya, kwa ule udadisi wake tu, akamtazama mdogo mtu kwenye meza ya kukunja. "Kama si wewe, basi kuna mtu alikusimulia. Hivi we mdogo mtu, miaka ile ulikuwa wapi vile? Ulisema mama yenu anaumwa nini?"

Mdogo mtu alikuwa ameshika pembe za shuka. Wote waligeuka wakamtazama. Msichana mgeni aliacha kucheka.

"Mwacheni huyo," Kalamu alisema. "Ni kweli. Nilifungwa mimi. Niliiba mkufu."

Msimamizi akafumba macho. "Kalamu."

"Na mtoto alikuwa wangu. Mnataka nini kingine?"

"Unajua maana yake, lakini? Siwezi kukuweka hapa."

"Najua."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akavua viatu vya mpira, kimoja kiligoma, akakivuta kwa kukizungusha. Akavaa ndala zake. Kijana wa matoroli alisogeza toroli lake apite, na safari hii hakumwita afande.

Mdogo wake alimfikia mlangoni.

"Dada. Kwa nini hukusema ulidanganya?"

"Ungeona walivyokuwa wanakutazama."

"Sikukuomba."

"Najua hukuniomba." Alitaka kumgusa bega, akauacha mkono. "Hata kile kidole hukuniomba nikiseme."

Mdogo mtu alisimama na aproni yake iliyolowa. Midomo yake ilicheza, lakini nyuma mashine zilikuwa zimeshawashwa tena, na kama kuna neno alilisema halikufika. Kalamu alisubiri kidogo kama litarudiwa. Halikurudiwa. Msimamizi akaita, "Haya, mashuka!" na mdogo mtu akageuka akaenda kazini.

Kalamu akatoka getini. Alipita ukuta wa hospitali, akapita duka la rangi bila kuinua macho juu, akapita kibanda cha mchapaji, na mchapaji akamwita, "Mama mwandishi! Vipi, wameshakujibu?" Alimpungia tu mkono. Kwenye njia panda ya kwenda nyumbani alisimama, akatazama upande ule, akaona nguo za wapangaji zimeanikwa na mtu anateka maji. Akaona hana uso wa kulala tena kitanda kimoja na mdogo wake, akashika njia nyingine. Siku hiyo hakurudi, na kesho yake hakurudi, na viatu vya mpira vilikaa mlangoni kwa dobi mpaka alipopatikana mwingine vikamtosha.